Bei ya Jioni na Santuri za Marehemu

Nyanya zilizouzwa kwa mafungu asubuhi pale Buguruni, jua likianza kuzama hupangwa upya. Kila fungu linaongezwa nyanya mbili tatu, na muuzaji ambaye saa nne alikuwa hataki maneno sasa anamwita kila apitaye: "Mama, njoo umalizie haya nikapumzike." Hana jokofu, na nyanya iliyoiva haimsubiri mtu hadi keshokutwa. Wapo akina mama ambao kwa makusudi hawaendi sokoni asubuhi. Wakishuka kwenye daladala baada ya kazi, ndipo wanapoingia sokoni na kapu, na wanatoka na mboga ya siku mbili kwa fedha ya siku moja.

Nawaheshimu sana watu hao. Kubana matumizi kunasemwa vibaya mjini, kana kwamba ni uchoyo au dalili ya kushindwa maisha, wakati ni ujuzi kamili. Mwenye ujuzi huo anajua kitu kina thamani gani, kwa kipimo gani na saa ngapi, kabla hakijaingia mkononi mwake na kabla hakijatoka. Nasisitiza hilo la kutoka kwa sababu ndilo tunalolisahau, nami nitalirudia.

Kwanza kipimo. Chukua mafuta ya kula. Tuseme dukani lita moja ni shilingi 6,000, na mwenye duka anapima kikombe cha mililita 100 kwa shilingi 800. Nyumba inayotumia kikombe kimoja kila siku, kwa siku 30 itakuwa imetumia lita tatu na kulipa shilingi 24,000. Jirani aliyenunua lita tatu kwa mkupuo amelipa 18,000. Tofauti ni 6,000, bei ya lita nyingine nzima. Sukari ya robo, sabuni ya unga ya kifuko, mkaa wa kopo, vyote vinafuata hesabu hiyohiyo. Mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote.

Hapa wapo wanaoshauri haraka: nunua kwa jumla. Ushauri huo ni mwepesi mno. Mtu anayelipwa kwa siku, anayerudi jioni na elfu saba ya kibarua, hawezi kutoa kumi na nane kwa mafuta peke yake wakati mtoto anadaiwa hela ya tuisheni. Anapima kwa sababu fedha yake nayo inamjia kwa kupimwa. Njia niliyoiona ikifanya kazi kweli ni ya majirani. Wanawake wanne wa nyumba moja ya kupanga wanachangishana, wananunua dumu la lita 20, wanagawana kwenye chupa walizozipanga sakafuni mstari mmoja, macho ya wote wanne yakiwa kwenye shingo za chupa. Mchele wanautoa Tandale kwa mtindo huohuo. Hakuna katiba, hakuna mwenyekiti. Kuna kuaminiana na chupa zinazolingana.

Halafu kuna vyombo vyenyewe vya kupimia. Sado moja si sawa na sado nyingine. Kuna iliyobonyezwa kitako kwa ndani, na ukiitazama kwa juu imejaa hadi inamwagika. Mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ni salama zaidi kuliko ndoo yoyote, na mnunuzi ana haki kabisa ya kuuomba.

Lakini katika suala la kipimo ipo dhuluma inayonichoma kuliko ndoo ya kubonyea, nayo ni lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Shambani, gunia la viazi au vitunguu linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba hadi linafanana na mtu aliyebeba mtu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Nyongeza tunayoiomba na kuifurahia sokoni mjini, mara nyingi mkulima wa Njombe au wa Lushoto ndiye aliyekwisha kuilipia. Unafuu wa namna hiyo siuiti ubanaji matumizi hata kidogo.

Kwenye maduka makubwa ya kujihudumia mambo ni tofauti kidogo, maana bei imeandikwa na hakuna wa kumbembeleza. Lebo ya punguzo inavuta jicho, basi jicho lisiishie hapo. Soma uzito: pakiti iliyokuwa kilo moja huweza kuwa imeshuka kimyakimya hadi gramu 900 huku bei ikibaki palepale. Soma tarehe: maziwa yaliyopunguzwa bei kwa sababu yamebakiza siku mbili ni mali nzuri kwa nyumba yenye watoto watano, na ni hasara kwa mtu anayeishi peke yake. Hivyo vya "nunua viwili upate cha tatu" vinafaa kwa sabuni na chumvi. Kwa mtindi, pigia hesabu matumbo yaliyopo nyumbani kwanza.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kurasa 40 linatosha kabisa. Andika ulichonunua, kiasi, bei, duka. Ukiliandika kwa uaminifu hutahitaji mtu wa kukuambia wapi panavuja.

Sasa nirudi kwenye hilo la vitu kutoka mkononi. Nyumba zilezile zinazopigania shilingi mia kwenye nyanya hupoteza malaki kwa siku moja, na siku hiyo aghalabu huwa baada ya msiba. Arobaini imepita, ndugu wamechoka, chumba cha marehemu kinatakiwa kupata mpangaji. Kiwanja na nyumba vimekwisha kuorodheshwa na msimamizi wa mirathi. Vitu vidogo havina msemaji. Magomeni nilishuhudia kasha la santuri likitolewa uani kwa kijana anayepita mitaani akibadilishana vyombo vya plastiki na vitu chakavu. Familia ilipata beseni moja la bluu na jagi. Juu ya lile kasha nilisoma lebo tatu tu kabla halijafungwa kwenye baiskeli, na mojawapo ilikuwa ya bendi ya Morogoro Jazz.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo liliniuma. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki redioni, na wimbo ulipotakiwa kutoka kwenye sahani ya kuuzwa dukani, kazi hiyo ilifanyika Kenya. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipitia njia hiyo, akiwa na Morogoro Jazz kisha na Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973, hadi ajali ilipomuua Mombasa Januari 1979. Ndugu wa akina Kinyonga kutoka Tanga walihamia Nairobi na kuijenga bendi ya Simba Wanyika huko. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Kwa hiyo santuri ya miaka hiyo iliyomo kabatini Tanga, Moshi au Kariakoo ina safari ndefu nyuma yake, na mtu aliyeinunua alijinyima kitu ili aipate. Baba aliyekuwa karani wa bandari, mshahara wake ukiwa wa kuhesabika, alikwenda dukani akachagua sahani moja. Hiyo nayo ilikuwa bajeti ya nyumba.

Kabla ya kuita mnunuzi, zichambue. Weka kando sahani nzito za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki, zinavunjika kama kigae zikianguka, na usizisafishe kwa spiriti kwa sababu spiriti inayeyusha shelaki. Humo ndimo anamoweza kuwamo mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyetoka Unguja kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Ukikuta sahani yake, usiiuze wiki hiyo. Zungumza kwanza na watu wa makumbusho au wa nyaraka.

Zinazofuata ni zile ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja kila upande, halafu zile kubwa za mizunguko 33 zenye majalada ya picha. Watu wengi hudhani kubwa ndiyo yenye fedha. Mara nyingi ni kinyume. Jim Reeves, ABBA na Boney M walipendwa katika kila mji wa Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyohiyo santuri zao zimejaa duniani kote; bei yake ni ndogo hata zikiwa safi. Sahani ndogo isiyo na jalada, ya bendi ya jazi ya mkoani iliyofyatuliwa kwa idadi chache, ndiyo inayotafutwa. Hamu hiyo imekua sana tangu kampuni za Ulaya zilipoanza kutoa upya nyimbo za zamani za huku kwetu. Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wake wa *Kenya Special* mwaka 2013, ukiwa na nyimbo nyingi zilizokuwa zimebaki kwenye hizohizo sahani ndogo.

Soma lebo yote: jina la bendi, majina ya nyimbo, namba. Kisha iinamishe sahani karibu na dirisha na utazame sehemu laini iliyo kati ya lebo na mwisho wa mifereji. Kuna namba imechorwa hapo, na wakusanyaji huitumia kutambua toleo. Ukiwa umeiinamisha hivyo, mwanga utakuonyesha mikwaruzo. Ule unaoonekana lakini kucha haiuhisi mara nyingi hausikiki, au husikika kidogo. Ule unaokwaruza kucha utairusha sindano. Vumbi la miaka linaondoka kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kikifuata mzunguko wa mifereji, lebo ikilindwa isilowane. Ikauke kivulini. Ukiianika juani itapinda, na iliyopinda sana hainyooki tena. Chini ya bati la Dar es Salaam, dari ikiwa haipo, hata kabati lina joto la kutosha kuharibu. Ukungu wa pwani unamalizia majalada.

Bei inatafutwa, haibuniwi. Tovuti ya Discogs, iliyoanza mwaka 2000, inahifadhi bei ambazo santuri ziliuzwa kweli, na hizo ndizo za kufuata. Bei anayoomba muuzaji huko Ulaya ni ndoto yake. Sahani inaweza kukaa na lebo ya dola mia kwa miaka bila kununuliwa. Ukipata bei ya kweli, toa gharama ya posta na makaratasi magumu ya kufungia, kisha kumbuka kwamba mnunuzi wa hapa, naye akiwa mfanyabiashara, atakupa chini ya hapo ili apate chake. Hilo ni haki yake. Nairobi kuna Jimmy Rugami na kibanda chake cha Real Vinyl Guru pale Kenyatta Market, mtu aliyedumu na biashara hii wakati wengine walipoona imekufa. Anayeishi Kenya au anayesafiri huko anaweza kujifunza mengi kwa kusimama tu pale na kusikiliza watu wanavyojadiliana. Usikubali kuuza kasha zima kwa mkupuo kwa mtu anayekuharakisha. Anayekuambia "yote haya ni takataka, nakusaidia tu kuondoa" huku mkono wake umeshika sahani moja hauiachii, keshakwambia ipi ya kuanza kuiulizia bei.

Na ukiuza, umeuza sahani. Wimbo haukuwa wako hata kabla ya kuuza. Hakimiliki iko kwa watunzi na warithi wao, kwa hiyo mnunuzi akikuletea karatasi ya kusaini ili auchapishe upya wimbo, usisaini. Mwelekeze kwenye familia ya mwanamuziki na kwenye Ofisi ya Hakimiliki. Wapo wajane na watoto wa wanamuziki wakubwa wa nchi hii wanaoishi kwa taabu, na saini ya mtu asiyehusika inaweza kuwakosesha hata kile kidogo.

Siungi mkono wanaosema vitu vya marehemu visiuzwe kamwe. Ada ya mtoto inalipwa kwa fedha, na marehemu aliyejinyima ili anunue santuri angefurahi ikisomesha mjukuu wake. Ninachoomba ni utaratibu. Santuri ziandikwe kwenye orodha ya mirathi kama kitu kingine chochote, kwa majina, ili kesho shangazi asiseme zimeliwa na mtu mmoja. Zitafutiwe gramafoni ya kuazima, zipigwe zote siku moja, nyimbo zinaswe kwenye kompyuta au hata simu, kila mtoto apate nakala. Wazee waitwe siku hiyo. Mwenye kumjua mwimbaji atataja jina lake, na jina hilo liandikwe. Iliyoandikwa jina la marehemu kwa kalamu pembeni mwa lebo, bei yake sokoni imeshuka kwa sababu ya huo mwandiko, kwa hiyo hiyo ibaki nyumbani. Zinazobaki zifungwe, zisimame wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, na mnunuzi aje akute orodha iko mezani na bei ya kila moja imeandikwa kando.