Je, Wajua? Ukitaka Kupumzika Kisiwani, Uliza Mwezi Kwanza

Je, wajua kwamba neno "pwani" limetokana na kitenzi kupwa? Maji yakipwa, mahali yalipokuwa ndipo pwani. Waliotuachia lugha hii hawakuwa wakifikiria mchanga mweupe na mnazi ulioinama kama ule wa kwenye kalenda za ukutani. Walikuwa wakitazama bahari iliyoondoka, huku wakijua itarudi saa ngapi.

Je, wajua kwamba Mafia haimo Zanzibar? Watu watatu wameniuliza mwaka huu waende wapi wakapumzike mbali na muziki wa ufukweni na wauza vinyago. Wote watatu niliwajibu Mafia, na wawili kati yao wakaniuliza boti inaondoka Unguja siku gani. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, iko karibu na mdomo wa mto Rufiji. Kisa chake kiko kwenye mkataba uliotiwa saini tarehe 1 Julai 1890. Waingereza waliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini, wakajihakikishia Zanzibar, kisha wakaahidi kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani mwambao wa bara pamoja na Mafia, ambayo imetajwa kwa jina. Sultani alilipwa marki milioni 4. Wakazi wa Mafia hawakuulizwa.

Na jina je? Halihusiani na majambazi wa Sicily. Wengine hulinasibisha na neno la Kiarabu lenye maana ya kundi la visiwa, na wengine husema ni "mahali pa afya" lililofupishwa. Mimi hilo la pili naliona ni la barazani zaidi, lakini aliyechoka na foleni za Dar es Salaam hatalikataa.

Je, wajua kwamba baharini kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku hukawia kwa dakika kama 50 kuliko jana? Ndiyo maana mvuvi hakuulizi leo ni Jumatatu au Jumanne. Hukuuliza mwezi una siku ngapi.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza pesa zao. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa bamvua: hujaa mno na kupwa mno, na kati ya kujaa na kupwa tofauti yake katika mwambao wetu hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, yaani bahari inajisogeza kivivu, haiendi mbali wala haiji juu. Sasa sikiliza jambo ambalo kwenye matangazo ya hoteli halimo. Kwetu huku siku za bamvua maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, na hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri. Maharusi wakichagua mwezi mpevu kwa ajili ya uzuri wake, wanaamka, wanakunywa chai, wanavaa nguo za kuogelea, wanatoka nje, na mbele yao kuna nusu kilomita ya tope, majani ya bahari na akina mama wanaotafuta pweza. Wiki moja baadaye, maji yakiwa mafu, saa nne hiyohiyo bahari ingekuwa imejaa mbele yao.

Na mimi yalinipata. Nilifika kijiji cha Utende, Mafia, asubuhi na mkoba wangu nikitaka kuvuka kwenda kisiwa kidogo cha Chole, safari ambayo maji yakiwa mengi haimalizi hata maongezi. Mashua zote zilikuwa zimelala ubavu mchangani. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kivuli cha chombo chake, anaziba ufa kwa pamba, akiishindilia uzi kwa uzi kwa patasi butu.

"Shikamoo mzee. Naweza kupata chombo cha Chole?"

"Marahaba mwanangu. Chombo ni hiki hapa. Bahari ndiyo haipo."

Nikamwambia nitaongeza nauli. Akacheka, akaendelea na pamba yake. Tulivuka alasiri, kwa nauli ileile.

Je, wajua kwamba kaskazini na kusini ni majina yaliyotokana na pepo? Kaskazi huvuma tangu kama Desemba hadi Machi, joto likiwa kali. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi kama Septemba, ikapoza hewa na kuchafua bahari ya nje. Katikati yake kuna maleleji, upepo usiojua unakotaka kwenda. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na hoteli nyingi ndogo za visiwani hufungwa Aprili na Mei. Ukiona bei nafuu kupindukia mwezi wa Aprili, hujapendelewa.

Je, wajua kwamba Mafia iko karibu na ikweta kiasi kwamba mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni? Ukishajua hilo, huna haja ya saa ya mkononi.

Je, wajua kwamba samaki mkubwa kuliko wote duniani huja hadi mbele ya mji wa Kilindoni, Mafia? Watu wa Mafia humwita papa potwe. Kenya huitwa papa shilingi, kwa madoa meupe mgongoni mwake yanayofanana na sarafu zilizomwagwa. Anaweza kupita mita 12, na chakula chake ni vidudu vidogo vya baharini, pamoja na dagaa wadogo. Msimu wake ni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya hapo huhama, lakini vifaa vya kunasa sauti vilivyowekwa chini ya maji vimeonyesha kwamba wengi wao hawaendi mbali. Husogea tu kwenye maji ya kina ambako macho yetu hayafiki.

Na madoa hayo hayafanani kwa papa wawili, kama alama za vidole. Programu ya kompyuta inayowatambua kwa picha ilitokana na hesabu za wanaastronomia za kulinganisha makundi ya nyota. Mtu aliyekuwa akisoma mbingu akaishia kumsaidia mtu anayesoma mgongo wa samaki.

Humgusi. Humrukii mbele. Nahodha anayekuahidi kukushikisha mkia wake, shuka kwenye chombo chake.

Je, wajua kwamba popo wa Chole ni jamaa wa karibu wa popo wa Komoro na Shelisheli kuliko wa bara, ingawa bara ndiyo iliyo karibu? Mchana huning'inia kwenye miti mikubwa kama mifuko myeusi iliyoanikwa, wakigombana kwa sauti, na magharibi huondoka makundi kwa makundi kutafuta matunda. Baadhi hupita chini kabisa, wakalowesha vifua vyao baharini, kisha wakayalamba maji manyoyani. Keti gatini Chole wakati wa adhana ya magharibi, utawaona wote.

Je, wajua kwamba Mafia ina viboko? Wachache, wakaao kwenye mabwawa, na husemekana wazee wao walisombwa na mafuriko ya Rufiji wakavuka bahari. Usiku huingia mashambani. Mwenyeji akikuambia usitembee kandokando ya bwawa baada ya isha, hakutishi.

Je, wajua kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua mtoto wa kasa awe jike au dume? Mchanga wa moto huzaa majike wengi. Kwenye fukwe za kisiwa cha Juani mayai hukaa mchangani kama siku 60, na vitoto vikitoka huifuata nuru ya bahari. Ukiwasha tochi au taa ya simu, vinakufuata wewe.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Kilichoisukuma ni uvuvi wa baruti uliokuwa ukivunja matumbawe pamoja na samaki wake. Zaidi ya aina 400 za samaki zimehesabiwa humo, na ndani yake mna vijiji ambavyo wavuvi wake bado wanavua kwa masharti. Wageni husahau jambo moja: Utende yenyewe imo ndani ya hifadhi, kwa hiyo kiingilio utalipa kila siku hata kama nia yako ni kulala kwenye machela na kusoma gazeti. Kiweke kwenye hesabu zako kabla ya kusema chumba ni rahisi.

Je, wajua kwamba Januari 1915 kisiwa hiki kimya kilikuwa uwanja wa vita? Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, mikoko imeificha. Waingereza wakaiteka Mafia, wakarusha ndege kutoka hapo kuelekeza mizinga ya meli zao, na tarehe 11 Julai mwaka huo ikawa mwisho wa Königsberg. Ukitaka kuuona mmoja wa mizinga yake, usiutafute Mafia. Uko Mombasa, nje ya Fort Jesus.

Je, wajua kisa cha Kua? Ni magofu ya mji uliokuwa Juani: misikiti, makaburi, jumba la mtawala, mibuyu imeota sebuleni. Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia, waliwaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi, wakawakamata watoto wao na kuwalaza chini ya chombo badala ya magogo. Kua wakanyamaza miaka mingi. Kisha wakaandaa harusi, wakawakaribisha Kisimani kwenye chumba cha chini ya ardhi, chakula kikaendelea kuletwa, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa. Hiyo ni hadithi. Historia inasema Kua ilishambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, waliosalia wakahamia Chole, nayo Kisimani imeliwa na bahari kidogo kidogo. Kuna wanaosema bahari ilichagua upande.

Kisiwani Jibondo wanaunda majahazi bila mchoro wa karatasi, vipimo vyote viko machoni mwa fundi. Lakini kisiwa chao hakina maji matamu, na kwa miaka mingi maji ya kunywa yamekuwa yakivushwa kwa chombo. Ukioga kwa bomba lililo wazi Utende, wakumbuke.

Waliolielewa jambo la maji vizuri kuliko wote wako kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Matumbawe yake yamelindwa tangu 1994. Nyumba za wageni ni saba tu, kila moja inakinga maji ya mvua kwa paa lake na kuyahifadhi chini ya sakafu, na vyoo havitumii maji hata tone. Hakuna feni, hakuna bwawa la kuogelea. Usiku unatembea na tochi, na pembeni anapita kaa wa nazi, ambaye akikomaa hufikia kilo 4. Ukisikia kitu kinakwaruza nje ya mlango, ni yeye.

Na Misali, kule Pemba, jina lake linasimuliwa hivi: Nabii Khidhri alifika, wakati wa sala ukaingia, akaomba msala, hapakuwa na msala, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu.

Je, wajua kwamba ukiagiza "nazi" ili unywe, mwenyeji ataguna? Tunda lile hubadilisha jina kadiri linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Cha kunywa ni dafu. Koroma limeshaanza kuwa gumu, na nazi ni ya kukuna. Kivuli cha mnazi wenye nazi pevu si mahali pa kulala.

Ya haraka haraka sasa. Ndege kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kama nusu saa, lakini ni ndogo, na mzigo mara nyingi ni kilo 15 kwenye begi laini. Sanduku la magurudumu liache nyumbani. Njia ya bahari ni ya Nyamisati, kwenye delta, hadi Kilindoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, hata ile ya dukani uwanja wa ndege wa kwenu. Beba fedha taslimu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilaya nzima, wengi wao Waislamu, kwa hiyo kijijini jifunge khanga au vaa kanzu, suruali, chochote kinachositiri. Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka; ukiangukia humo, mchana utakuwa kimya kuliko ulivyotarajia, na futari itakuwa nzuri kuliko ulivyostahili.

Kabla ya kulipia chumba, mpigie simu mwenye nyumba, msalimie, kisha muulize swali moja tu: wiki hiyo ni bamvua au maji mafu? Akishindwa kukujibu, hakai kisiwani. Tafuta nyumba nyingine.