Mwanachuo anajua kompyuta. Nani amemfundisha kufundisha nayo?

Msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, ukifika, mabweni ya vyuo vya ualimu hubaki matupu. Wanachuo hutawanyika kwenye shule za mazoezi, kila mmoja na azimio la kazi, maandalio ya somo na simu janja mfukoni. Huko wanakuta walimu wenye vishikwambi, vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022. Kazi ya kuhesabu watu ilipokwisha, serikali iliamua vifaa hivyo viende kwa walimu, na ugawaji ukaanza kabla ya mwaka ule kwisha. Mwalimu mtarajiwa wa leo ana bahati ambayo wengi waliomtangulia hawakuwa nayo: kifaa, angalau kimoja, kipo. Ambacho hajaonyeshwa ni namna ya kukitumia katika kipindi cha Hisabati, mbele ya wanafunzi sabini, ndani ya dakika 40.

Vyuo vyetu havikulala. Katikati ya miaka ya 2000, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kuwekewa kompyuta na intaneti. Mwaka 2007 Tanzania ikapata sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Lakini katika muda wote huo mafunzo yameelemea upande mmoja. Mwanachuo hufundishwa kuwasha mashine, kuchapa barua, kutengeneza jedwali la alama na kupanga slaidi. Hayo ni mambo ya ofisini. Yatamfaa siku atakapokuwa mtaaluma wa shule, akijumlisha matokeo ya mtihani wa nusu muhula, na sitaki kuyadharau hata kidogo. Ila kufundisha ni kazi nyingine. Anayeijua kompyuta barabara anaweza kuingia nayo darasani akaharibu kipindi ambacho angekifundisha vizuri kwa chaki tupu.

Kinachonisikitisha ni kwamba elimu inayohitajika hapa vyuo vyetu vinayo siku nyingi, imo kwenye kabati la zana. Kizazi baada ya kizazi, kuanzia Mpwapwa hadi Butimba, Korogwe hadi Tukuyu, wakufunzi wamewafundisha wanachuo kufaragua: vifuniko vya soda vya kuhesabia, vijiti vya kufungia makumi, ramani ya boksi, saa ya manila yenye mishale inayozunguka. Na swali la mkufunzi limekuwa lile lile: zana hii inamwonyesha mtoto kitu gani ambacho maneno yako peke yake hayawezi kumwonyesha? Mwanachuo aliyeleta saa maridadi akaitundika ukutani, mtoto hata mmoja asiiguse mishale, alikatwa alama. Kishikwambi nacho ni zana, na swali hilo kinapaswa kuulizwa vilevile. Lakini kifaa kikiwa na kioo kinachowaka, naona tunalegeza kamba. Slaidi zikishaonekana ukutani, somo linahesabiwa kuwa la kisasa na maswali yanaishia hapo.

Gharama ya kulegeza namna hiyo imeshaonekana kwingine. Peru iliwagawia watoto wa shule za vijijini kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusisha shule 319, haikuona alama za Hisabati wala za lugha zikipanda kwa sababu ya kompyuta hizo. Majirani zetu wa Kenya walisikia ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013. Ugawaji ulianza mwaka 2016, na vifaa vilivyotolewa vikapita milioni moja. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wameshajaribu jambo hili Kisumu kwa njia tatu: mahali pengine kifaa kikapewa washauri wa walimu, pengine walimu, pengine watoto wenyewe. Katika njia zote walimu walikuwa na vitabu na mafunzo ya kufundisha kusoma. Watoto wakasoma vizuri kuliko wa shule zilizokuwa nje ya mpango, lakini njia tatu zenyewe hazikupishana kwa kiasi cha maana, ilhali gharama zilipishana sana. Kumpa kila mtoto kifaa hakukuongeza kilicholingana na fedha zilizotumika. Ningependa kila mwanachuo ausome utafiti huo kabla hajakabidhiwa nenosiri la maabara ya kompyuta.

Basi tuingie darasani, maana hapo ndipo kazi ilipo. Chukua grafu ya kipeo cha pili, y = ax² + bx + c, ambayo wanafunzi wa sekondari wanahangaika nayo kila mwaka. Kwa ubao, mwalimu hujaza jedwali la thamani, huweka nukta, kisha huziunganisha kwa mkono. Grafu moja safi inamla robo saa. Akichora mbili, kipindi kinaelekea ukingoni. Wanafunzi wanatoka wakiwa wamenakili grafu mbili, lakini hawajaona jinsi grafu inavyogeuka namba zinapogeuka, na hilo ndilo walilopaswa kuliona. Hapa programu kama GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka 2001, ina kazi ya kweli. Kwa mwalimu na wanafunzi ni ya bure, na ukishaipakua hufanya kazi bila bando. Mwalimu anaweka vitelezi vitatu, kimoja cha a, kimoja cha b, kimoja cha c. Akisogeza, grafu inasogea papo hapo.

Sasa watazame wanachuo wawili wenye kompyuta mpakato ile ile. Wa kwanza anawasha projekta, anasogeza vitelezi huku na huku, darasa linashangilia. Anauliza, "Mmeelewa?" Wanaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Kengele inalia.

Wa pili anaanza na projekta imezimwa. Anaandika y = x² ubaoni, anawaambia wachore kwenye daftari wanachodhani kitatokea a ikiwa 3, ikiwa nusu, na ikiwa hasi 1. Anapita kati ya madawati akitazama. Anachagua michoro mitatu inayopingana na kuwaita wenyewe waje kuitetea. Darasa limeshagawanyika, kila mmoja ana upande wake, na ndipo anapowasha na kusogeza kitelezi. Kisha anafika kwenye b. Wanafunzi karibu wote watasema b inaisukuma grafu kulia au kushoto tu, na wapo walimu wanaoamini hivyo pia. Kitelezi kinaonyesha vingine kabisa. a ikiwa chanya, ncha ya chini ya grafu inatembea kwenye mkunjo, inashuka uipeleke b upande wowote, huku grafu yenyewe ikiendelea kupita palepale kwenye (0, c). Kwa nini palepale? Mwalimu anazima projekta na kurudi kwenye chaki: weka 0 mahali pa x, ax² inapotea, bx inapotea, inabaki c. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri fomula ameshika sababu.

Kifaa kimetumika dakika chache tu za kipindi kile. Kompyuta ya mwanachuo wa pili haikuizidi ya mwenzake kwa lolote. Alichomzidi mwenzake ni kujua lini aiwashe, aulize nini kabla, na lini aizime. Ustadi huo unafundishika, na haufundishwi kwa mkufunzi kusoma slaidi zinazosema kwamba ufundishaji shirikishi ni mzuri. Unafundishwa kwa mkufunzi wa Hisabati mwenyewe kufundisha grafu hivyo, wanachuo wakikaa kama wanafunzi, halafu wote wakae kuuchambua ule uamuzi wa kuzima. Ndiyo maana naamini kazi hii haiwezi kuachwa kwa mkufunzi wa TEHAMA peke yake. Mishra na Koehler wa Marekani waliliandika jambo hili mwaka 2006: kujua somo, kujua kulifundisha na kujua kifaa ni lazima vikutane kwa mtu mmoja. Katika ratiba za vyuo vyetu mara nyingi vinakaa kwa watu watatu wasiopanga kazi pamoja.

Kuchagua cha kuonyesha nako kuna ustadi wake. Septemba 1, 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama jua likipatwa. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia kuliko kawaida, ukashindwa kulifunika jua lote, ikabaki pete ya mwanga. Mwalimu wa Jiografia hawezi kuagiza tukio hilo lirudi Alhamisi kipindi cha tatu, kwa hiyo video yake ina haki ya kuwa darasani. Lakini mbegu ya maharage inaota kwenye kopo lenye pamba mbichi kwa siku chache, bila umeme, na mtoto anaweza kuishika na kuipima kwa rula. Kumwonyesha mtoto wa shule ya msingi video ya mbegu ikiota, wakati nyumbani kwao kuna debe la maharage, ni kumdhulumu. Saketi ya umeme iko katikati: betri ya tochi, waya na glopu vinapatikana dukani, na vianze hivyo. Ila umeme unaopita ndani ya waya hauonekani kwa macho, na hapo jaribio la kuigiza la PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, linaongeza kitu ambacho glopu haiwezi kukionyesha.

Kuna mambo madogo yanayoua vipindi vingi kuliko ujinga wa kompyuta. Madirisha hayana pazia na jua la saa nne linaifuta picha ya projekta yote. Soketi iko nyuma ya darasa na waya haufiki. Spika ya kishikwambi inasikika hadi dawati la tatu. Wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo kazi zote za "kila mmoja afungue kifaa chake" zilizojaa kwenye video za mafunzo kutoka nje hazina mahali hapa. Mwanachuo ayajue haya kabla ya kwenda, na aandae njia mbili katika andalio lake: moja ya kifaa, nyingine ya ubao umeme ukikatika, zote zikielekea umahiri ule ule. Video aikate ibaki dakika tatu, aihifadhi kwenye flashi, aamue mapema itasimama wapi na swali gani litaulizwa itakaposimama. Haya hayana mvuto, najua. Yamewanusuru walimu wengi.

Kwa baadhi ya watoto, kifaa ni mlango wenyewe wa kuingilia kwenye somo. Mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kukuza herufi za kitabu kwenye kishikwambi hadi azione, na kiziwi akaona somo likielezwa kwa lugha ya alama. Wanaosomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, wana sababu ya kulijua hili. Mtoto huyo, hata hivyo, huenda yuko katika shule ya kawaida, kwa mwalimu ambaye hakupita Patandi, na kitufe cha kukuzia herufi kilichomo kwenye kifaa chake mwalimu huyo hajawahi kukibonyeza.

Halafu imekuja akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, andalio la somo linaandikwa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, lenye umahiri, shughuli na tathmini vilivyopangwa vizuri. Tatizo ni darasa linaloandikiwa: vikundi vya watu wanne wanne, kila kikundi na kompyuta, karatasi za kuchapisha kwa kila mtoto. Mwanachuo akilinakili lilivyo atakwama dakika ya tano. Mimi nisingelipiga marufuku. Ningempa mwanachuo andalio hilo, kalamu nyekundu na kitabu cha kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambacho anakisoma bure. Akate kila kisichowezekana katika shule aliyopangiwa, asahihishe makosa ya somo lenyewe, aandike pembeni kwa nini. Kazi hiyo ingenionyesha kama ameiva kuliko maandalio kumi aliyoyachapa mwenyewe.

Jambo moja halivumiliki, nalo ni kuwapiga watoto picha za video na kuzirusha mitandaoni ili mwanachuo aonekane mbunifu. Mtoto anayekosea kusoma silabi ana haki ya kukosea bila kutazamwa na mji mzima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na ilistahili kusomwa chuoni kwa uzito ule ule wa maadili ya ualimu.

Mabadiliko ningeyaanzia kwenye tathmini ya BTP yenyewe. Mkufunzi anapokaa dawati la nyuma na fomu yake, asitoe alama kwa kuwa teknolojia imetumika. Atoe alama kwa uamuzi uliofanywa, ukiwemo uamuzi wa kuacha kifaa ofisini kwa sababu kopo la maharage lilitosha. Baada ya kipindi amuulize mwanachuo, mwalimu mwenyeji akiwepo: kwa nini uliisimamisha video pale? Ungefanya nini umeme ungekatika? Ulijuaje kwamba wa dawati la mwisho wameelewa?

Mwalimu mwenyeji asiwe mtazamaji tu. Katika MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu kwa walimu kazini, walimu wanakutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, na mwanachuo wa BTP akaribishwe humo kama mwalimu mwenzao. Yeye anaifahamu GeoGebra. Mwenyeji anawafahamu watoto, anajua nani huogopa kwenda ubaoni na mada gani huwashinda mwaka hadi mwaka. Waandae pamoja vipindi vichache katika wiki zile, wavifundishe, wavirekebishe, kisha faili zake na maandalio yake vibaki kwenye kishikwambi cha shule mwanachuo atakaporudi chuoni, ili mwakani mwenzake asianze upya.