Mninga Uliopukutisha Majani Haujafa

Mkazi wa Gongoni, mjini Tabora, amezoea kivuli cha mwembe. Mti huo ni mgeni uliostawi katika njia ya zamani ya misafara, nao huwa na majani mwaka mzima. Huenda ndiyo sababu familia ikienda shambani mwezi wa Agosti na kuukuta mninga umesimama mtupu, baba husema, "Huu umekwisha kufa," na shoka hutolewa.

Mninga ni mti wa asili wa misitu ya miombo, nao hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili kuhifadhi maji. Hata hivyo, haufichiki. Tazama kwanza juu, ambako matunda ya msimu uliopita hubaki yakining'inia matawini. Ni bapa na ya mviringo, upana wake hufika sentimita 10 au zaidi. Katikati pana kitovu chenye miiba myembamba kama brashi, na pembeni ubawa mwepesi mithili ya karatasi. Mtoto akilishika tunda hilo mara moja halisahau. Gome nalo ni la kijivu kilichokoza, limepasuka vipande vipande. Likikwaruzwa kwa ncha ya kisu, mti ulio hai hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mkwaruzo mdogo watosha, hatukuja kuujeruhi.

Mnamo Septemba na Oktoba huchanua maua ya manjano yenye harufu nzuri, mara nyingi kabla ya majani kurejea.

Lililo gumu, na ndilo lenye hasara kubwa, ni kuutambua mche. Kwa miaka kadhaa sehemu ya juu ya mche wa mninga hukauka kila kiangazi, huku mzizi ukizidi kunenepa ardhini, hadi upate nguvu ya kusimamisha shina lisilokufa tena. Kijiti kikavu anachoking'oa mtoto wetu wa darasa la kwanza chaweza kuwa na umri sawa na wake. Nasi ndio tunaolalamika kwamba kitanda cha mninga hakinunuliki siku hizi!

Basi kabla ya kusafisha shamba, vifungieni kitambaa vijiti vilivyo karibu na mninga mkubwa, mngojee mvua za Novemba. Kitakachochipua, kizungushieni miiba mbuzi wasikifikie, na nyasi zilizo karibu nacho zifyekwe mapema, kabla ya majira ya moto.