Mfadhili akibadili shabaha, mgonjwa afanyeje?

Huenda wewe, msomaji, huchukua dawa zako katika kliniki ambayo wahudumu wake hulipwa na mradi wa wafadhili. Siku moja unafika na kuelezwa kwamba huduma uliyoizoea haimo tena katika mradi. Wagonjwa wengi wakisikia hivyo hurudi nyumbani na kukaa. Hilo ndilo jambo la hatari.

Fedha za mradi hazitolewi ili kliniki izitumie ipendavyo. Hutolewa kwa kazi iliyotajwa: watu wangapi wapimwe, wangapi waanzishiwe dawa, wangapi watahiriwe. Mshahara wa mshauri na nauli ya mhudumu anayemtafuta mgonjwa aliyekosa kufika, kila kimoja kina fungu lake. Shabaha ikibadilishwa katikati, fungu hufungwa, na kwa kawaida pesa haziwezi kuhamishwa mpaka mfadhili akubali kwa maandishi. Ndiyo sababu dawa zaweza kuwamo stoo ilhali hakuna wa kukupa.

Si kila badiliko ni baya. Kabla ya 2016, watu wazima wengi nchini waliopatikana na virusi vya Ukimwi waliambiwa wangoje mpaka seli zao za kinga, CD4, zipungue ndipo waanze dawa. Utafiti ukaonyesha kwamba kungoja kunaumiza. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo mwaka wa 2015, na Kenya ikafuata mwaka uliofuata: kila anayepatikana na virusi aanze matibabu. Miradi iliyokuwa njiani ililazimika kupiga hesabu upya na kuwaita walioambiwa wangoje. Vivyo hivyo tohara ya hiari, iliyoanzishwa hapa kama kinga mwaka wa 2008. Mwaka wa 2020 shirika hilo lilipendekeza itiliwe mkazo kwa walio na miaka 15 na zaidi, kwa sababu ya usalama na ili kijana aweze kuamua mwenyewe.

Ya mwaka wa 2025 yalikuwa mengine kabisa. Mnamo Januari 20 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili iichunguze. Mapema Februari iliruhusu matibabu ya Ukimwi yaendelee, pamoja na kuwakinga watoto wasiambukizwe na mama zao. Lakini PrEP, yaani dawa anazomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe, iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Mume anayezimeza kwa kuwa mkewe ana virusi akaachwa nje. Kitabibu sioni msingi wa mpaka huo, kwani kinga hufuata hatari aliyo nayo mtu.

Ikiwa unatumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, usikatize hata kama kliniki yako imefungwa. Virusi huanza kuongezeka tena katika majuma machache tu. Nenda katika hospitali ya umma iliyo karibu. Kliniki nyingi za Ukimwi sasa zimeunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, nami najua wengi huogopa kuonekana na majirani kwenye foleni hiyo. Mwambie muuguzi faraghani shida yako. Huhitaji kuitaja mbele ya watu.

Kwa anayetumia PrEP, mambo mawili. Kwanza, ukikosa dawa usichukue za mwenzako aliye kwenye matibabu, maana wote wawili mtapungukiwa. Ukitaka kuanza tena, pimwa kwanza: ikiwa umeshaambukizwa, dawa hizo peke yake hazitoshi kutibu na virusi vinaweza kuzizoea. Pili, ikiwa una homa ya ini aina ya B, usiziache bila kumwona daktari, kwa sababu ini laweza kuvimba ghafla.

Walio katika utafiti wana haki zaidi. Mpango wa utafiti haubadilishwi kabla ya kamati ya maadili kuidhinisha, isipokuwa kuwaepusha washiriki na hatari ya mara moja. Badiliko likikugusa ni lazima uelezwe, na waweza kujiondoa bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza ni nani atakayekuhudumia utafiti ukisimama. Fomu uliyotia sahihi huwa na nambari ya simu ya kamati, itafute leo.

Wasimamizi wa miradi nao, wapatapo barua ya mabadiliko, waanze na orodha ya wagonjwa waliomo katikati ya matibabu kabla ya kugusa bajeti. Mara nyingi naona kinyume chake.

Kabla ya kuondoka kliniki, omba barua ya uhamisho yenye majina ya dawa zako na tarehe uliyoanza, nambari yako ya kliniki, na matokeo ya mwisho ya kipimo cha wingi wa virusi. Uliza pia umebakiwa na dawa za siku ngapi, nawe uende kwingine kabla hazijaisha.