Kutia na Kujiongeza: Istilahi za Halojeni na Mafuta

Mwalimu wa kemia huko Malolo, wilayani Kilosa upande wa Mikumi, aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa mafuta ya alizeti, mafuta ya nazi na maji ya bromini. Akitia bromini tone kwa tone na kutikisa, rangi yake ya kahawia hutoweka upesi katika alizeti. Katika nazi matone machache tu hutosha, na rangi hubaki. Jaribio lenyewe ni jepesi. Ugumu umo katika kulieleza kwa Kiswahili.

Wengi wetu huandika: "Bromini iliongezwa katika mafuta." Sentensi hiyo haisemi kama ni mkono wa mwalimu uliomimina, au ni molekuli zilizoungana. Molekuli za alizeti zina atomu nyingi za kaboni zilizoshikana kwa bondi maradufu. Bromini ikifika hapo, sehemu moja ya bondi hufunguka, na kila kaboni kati ya zile mbili hupata atomu ya bromini. Hakuna kinachotoka. Sivyo ilivyo klorini inapokutana na methani penye mwanga: hapo hidrojeni huondoka, klorini ikashika nafasi yake, na gesi ya hidrojeni kloridi ikatokea. Huo ni ubadilishaji, wala haufai kuitwa nyongeza.

Kwa hiyo twapendekeza kitenzi "kutia" kiachiwe mkono wa mtu, na "kujiongeza" kiwe cha molekuli: bromini ilitiwa, kisha ikajiongeza penye bondi maradufu. Kiambishi "ji" kinafanya kazi ambayo maelezo ya mistari mitatu hayaifanyi.

Mafuta yenye bondi hizo huitwa "yasiyokifu", kutokana na kitenzi "kukifu", yaani kutosha. Neno ni zuri, ila lipewe viambishi vyake daima. Likiachwa uchi katika ngeli ya ki-vi, "kitu kifu", msomaji atadhani kimekufa!

Hasara kubwa zaidi yaweza kutokea maofisini. Ubora wa mafuta hupimwa, pamoja na mengine, kwa namba ya iodini: gramu za iodini zinazoweza kujiongeza katika gramu 100 za mafuta. Alizeti ya kawaida hufikia 118 hadi 141. Nazi haivuki 11 hivi. Karani akifasiri kwamba mafuta "yana gramu 130 za iodini katika kila gramu 100", amemwambia mnunuzi kuwa iodini imezidi mafuta yenyewe. Na kwa kuwa sote twaijua chumvi iliyotiwa iodini, yuko atakayeamini kuwa mafuta hayo nayo yametiwa. Mafuta hayo hayana iodini. Aandike: "gramu 100 za mafuta haya zaweza kupokea gramu 130 za iodini."