Fundi wa Tabora na Kinu cha Upepo

Mwaka 2002 kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliunda kinu cha umeme wa upepo kwa baiskeli kuukuu, feni ya trekta na dainamo, taa zikawaka nyumbani kwao. Twamsifu. Lakini fundi wa Tabora atakaye kumfuata asianze na nyundo; aanze kwa kuupima upepo wake, asije akatupa mshahara wake.

Maana upepo una hesabu kali: mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Kinu chenye upana wa mita 2.4 hutoa kama wati 20 tu upepo ukienda mita 3 kwa sekunde. Ukienda mita 6, hutoa kama 150.

Wengi hukimbilia altaneta ya gari, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi. Haifai. Yataka kuzunguka zaidi ya mara elfu kwa dakika, na mapanga ya kinu hicho, upepo ukiwa wa kadiri, hayafiki 300. Afadhali fundi asuke mwenyewe koili za waya wa shaba, azitie kati ya sahani mbili za chuma zenye sumaku. Mapanga ayachonge kwa mninga mkavu usio na fundo. Mti huo haupindiki ovyo.

Yabaki miembe. Ile mizee, ukumbusho wa njia ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo, ilimpa mpagazi kivuli. Kwa kinu ni ukuta. Mlingoti na uvipite vilele vyake kwa mita kadhaa, au usimikwe mbali nayo.