Mwambao wa Rekodi: Maradhi Yanayoongoza Kigoma na Ujiji

Ziwa Tanganyika ndilo refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani: kilomita 673. Kwa kina, mita 1,470, linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Maradhi ya mwambao huu wa Kigoma na Ujiji nayo hayataki nafasi ya pili. Haya hapa, pamoja na namna ya kuyaangusha.

1. Ulioenea kuliko yote: malaria

Mwaka 2017 uchunguzi wa kitaifa ulipima damu za watoto wa chini ya miaka mitano, na Kigoma ikaongoza Tanzania Bara: watoto 24 katika kila 100 walikuwa na vimelea. Wastani wa taifa ulikuwa 7 tu. Ni taji la kuvuliwa, na Kigoma ilivuliwa: uchunguzi wa 2022 uliikuta Tabora ikiongoza. Mbu wa malaria huuma usiku, basi chandarua chenye dawa kikae kitandani. Homa, baridi, kutapika? Pima siku hiyo hiyo, maana malaria kali huweza kuua ndani ya saa 24.

2. Wenye mbio kuliko yote: kipindupindu

Huu hausubiri. Vijidudu vyake huingia kwa maji au chakula chenye kinyesi, na saa chache baadaye mtu anaweza kuanza kuharisha maji meupeupe kama ya kuoshea mchele. Mgonjwa mahututi hupoteza hadi lita moja kila saa: ndoo ya lita 20 inajaa kabla siku haijaisha!

Mei 2015 kasi hiyo ilionekana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, mpakani na Burundi. Wakimbizi wa Burundi zaidi ya 50,000 walikusanyika kwenye ukanda ule mwembamba wa ufuko. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyokwenda kuwachukua, nayo ilibeba abiria 600: piga hesabu, ni zaidi ya safari 80. Mjini Kigoma walipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa wa kipindupindu walifika kama 3,000, yaani Liemba tano zilizojaa pomoni. Waliofariki walikuwa 31, wawili wao Watanzania.

Hao 31 ni msiba, lakini tazama uwiano: kama mmoja katika kila 100, kwa ugonjwa ambao bila tiba huweza kuua nusu ya wanaozidiwa. Waliobaki waliokolewa na maji ya dripu na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga majini. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, umnyweshe mgonjwa huku mkielekea kituo cha afya. Kinga ni choo, sabuni na maji salama.

3. Wenye subira kuliko yote: homa ya papasi

Papasi hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo. Usiku hutoka, hunyonya kwa nusu saa hivi, hurudi mafichoni, na anaweza kukaa miaka bila kula. Homa yake hupanda siku kadhaa, hukatika mgonjwa akadhani amepona, kisha hurudi tena na tena. Kwa mjamzito ni hatari kubwa, huua mimba. Homa ikirudi na kipimo cha malaria hakioni kitu, mwambie daktari kuhusu papasi; dawa ipo. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton aliuchunguza ugonjwa huu ng'ambo ya ziwa, ukamwambukiza na kumuua Kasongo mwaka 1905, akiwa na miaka 30. Kijidudu cha homa hii kina jina la Dutton mpaka leo. Ziba nyufa, na ukiweza piga sakafu ya saruji.

4. Unaokaa mwilini kuliko yote: kichocho

Mnyoo una urefu wa sentimita moja, lakini unaweza kuishi ndani ya mtu miaka 30. Jike la kichocho cha tumbo hutaga mayai kama 300 kwa siku. Sensa ya 2022 iliihesabu Manispaa ya Kigoma Ujiji watu 232,388: jike moja huifikia idadi hiyo kwa miaka miwili na ushei! Dalili ni maumivu ya tumbo, damu kwenye kinyesi, hatimaye ini na wengu kuvimba. Konokono wa majini ndio wanaokuza vimelea vinavyotoka kwenye mayai hayo, kwa hiyo usijisaidie ziwani. Vidonge vya prazikwanteli humaliza kazi.

5. Uliovuka mpaka wa ajabu kuliko yote: polio

Mwaka 1966 sokwe wa Gombe, wale wa mtafiti Jane Goodall, walipooza viungo kwa ugonjwa uliofanana na polio, uliokuwa ukiwasumbua watu wa jirani. Binadamu anayo chanjo ya matone.

6. Tukio la nadra kuliko yote: mdudu sikioni

Machi 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikuwa akivuka Tanganyika kwa mtumbwi. Usiku mmoja kisiwani, mdudu aliyevutwa na mshumaa alimwingia sikioni. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, kisha akachokoa kwa kisu. Uso ulivimba, sikio likaziba kwa miezi, na alipopenga kamasi lilipiga mluzi. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka na nta miezi sita au saba baadaye. Likikupata, lala ubavu, tia mafuta ya kula vuguvugu mdudu afe, isipokuwa kama ngoma ya sikio imetoboka, halafu nenda zahanati akatolewe.